Kina cha Nne

Taa ya rangi ya chungwa iliwaka tangu mwezi wa Rajabu,
nikaipa kisogo. Nikasema kesho.
Diski tatu nzima kati ya nne, nani alalamike?
Hata mbuzi wa miguu mitatu hufika malishoni.

Kisha umeme wa Makorora ukakatika mara mbili kwa pumzi moja,
ukarudi na hasira za mtu aliyesahau funguo,
na diski ya pili ikaanza: tak, tak, tak,
kama kucha juu ya sinia.
Harusi mia mbili na kumi na moja,
maulidi, hitima, mahafali ya chekechea ya Mabawa,
zote zimo ndani ya kisanduku kimoja
juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa alichofuma mama.

Mtaa ukajua kabla sijamaliza kuchomoa waya.
Shemdoe wa baiskeli akaja na dawa: itie kwenye friji,
shemeji yake wa Muheza alifanya hivyo, ikaamka.
Friji yetu imejaa barafu za ubuyu za kuuza.
Nikamwambia, kilichouawa na uzembe
hakifufuki kwa baridi.

Mke wangu Mwanasiti ndiye aliyeuliza la maana:
"Kwani hizo nzima zinajuaje alichokuwa nacho mwenzao?"
Yeye ni mtoto wa watunzi. Nikamwambia, chukua ubeti.
Panya wametafuna kipande kimoja,
lakini vina vya mistari mingine unavyo,
mizani unaijua, ni nane,
na maana unaiona ilikokuwa ikielekea.
Utashindwa kulipata neno?
Akafikiri, akichambua mchicha.
"Nitalipata. Na panya wakila viwili?"

Hapo ndipo tulipokuwa.

Usiku tisa. Nilikopa diski mpya kwa fundi Kihiyo,
nikainakili ile inayogonga, sekta kwa sekta,
kwanza palipo laini,
pagumu nikaparuka kama mlaji wa samaki mwenye miiba mingi,
kisha nikarudi kinyume, toka mwisho kwenda mwanzo,
maana kuna pahali husomeka tu ukipajia kwa nyuma.
Feni naielekeza kwake, mimi natoka jasho.
Ikigonga naizima, naiacha ipoe, naiomba radhi.

Siku ya tano alikuja Mwanakheri na bahasha.
Hakukaa. "Ukikutana na harusi yangu humo, ipite."
Mumewe alimwacha kwa ujumbe wa simu.
Siku ya sita akaja mama wa huyo mume,
kapakiwa baiskeli, viatu mkononi:
kwenye harusi hiyohiyo marehemu mzee wake alicheza,
na nyumbani hawana picha yake akicheka.
Wote wawili nikawaambia inshallah.
Neno hilo lina nafasi ya watu wengi.

Diski nilizichomoa bila kuzitia alama, mjinga mimi.
Nikapanga, nikapangua.
Mpangilio wa kumi na tisa ndio uliokubali,
majina yakaanza kushuka kwenye kioo.

Harusi yao ilikuwa imekalia doa.
Inafunguka dakika ya kumi na moja.
Bwana harusi amekatika miraba ya kijani,
bibi harusi ni mkono tu, hina inaelea,
halafu, bila sababu, picha inatulia:
mzee, kanzu, bakora, jino la dhahabu,
anazunguka sekunde arobaini,
na kushoto, nyuma yake, Mwanakheri anacheka,
anacheka kwelikweli, kiganja mdomoni.

Programu ikauliza: ijaribu tena palipobaki, au iache?
Msikiti ulikuwa unakohoa kwenye kipaza sauti.
Nikaiambia iache.

Sekunde zile nilimpa mama,
ukingo wa kushoto nimeukata.
Bahasha nikairudisha kwa mwenyewe.
Akauliza kama nilikutana nayo.
Nikasema, vipande.
Akashika mlango, hakuufunga.
"Nilikuwa nacheka?"