Sogea Kidogo

Kiti changu hakikuwa kiti. Kilikuwa namba,
ishirini na mbili, rangi nyeupe iliyochujuka
juu ya benchi refu la alumini,
safu ya thelathini na moja, upande wa kusini,
uwanja wa Chuo cha Tarrow, Nebraska,
mji wa maghala matatu ya nafaka na hospitali nusu.

Inchi kumi na nane kwa kila mtu na makalio yake:
ndivyo msanifu wa kwanza alivyotupimia,
enzi ambazo watu walikuwa wembamba.
Novemba ikifika tumevimba kwa masweta,
benchi la watu ishirini limejaa kwa kumi na saba,
na watatu wamesimama kwenye ngazi, tiketi mkononi.
Hapo neno lilianzia kule mwisho, kwa Delphine Hruska,
likapita bega kwa bega hadi kwangu:
sogea. Sogea kidogo. Tena.
Tukasogea.
Sikuwahi kumwona aliyekosa.

Uwanja wenyewe ulikuwa kama kwato,
mdomo wazi kaskazini.
Wageni walisema fedha ziliisha kabla ya kuufunga.
Labda. Lakini mdomo ule ulikuwa wa upepo,
na upepo ulikuwa wetu.
Mwaka ule wa matope, sekunde mbili zimebaki,
mpigaji wao aliupiga mpira vizuri kabisa,
upepo ukauchukua, ukaufikiria,
ukaugongesha mlingoti.
Nikamkumbatia mwanamume nisiyemjua,
maharage yake ya moto yakanimwagikia viatuni.
Huyo ndiye Emmett.
Miaka thelathini na minane ya ndoa,
chanzo chake benchi lisilo na mipaka.

Kisha wakaleta kielelezo cha kadibodi
ndani ya sanduku la kioo, wakakiweka benki,
karibu na kalamu iliyofungwa mnyororo.
Vijitu vya plastiki vimeketi bila makoti.
Elfu arobaini na moja tutakuwa elfu thelathini na mbili.
Huko juu, vyumba vya vioo vyenye mazulia na majokofu.
Na ule mdomo wa kaskazini, skrini,
pana kuliko ghala la marehemu baba.
Niliandika barua. Nikaandika nyingine.
Kijana wa ofisi ya tiketi akanijibu kwa adabu
kwamba maoni yangu yana thamani kubwa,
nikajua yapo kwenye pipa.

Lakini niseme kweli.
Choo cha wanawake kilikuwa kimoja upande mzima,
na bendi ya mapumziko, misimu yote ile,
niliisikia tu, nikitazama mgongo wa mtu kwenye foleni.
Zege lilikuwa linamomonyoka; nondo zilichungulia kama mbavu.
Na Emmett, tangu nyonga yake ilipoharibika,
hakuziweza zile ngazi sitini na mbili.
Misimu sita alisikiliza redio jikoni.
Mimi nilikaa ishirini na mbili,
ishirini na tatu nikaiwekea kofia yake,
na hata Novemba, hata kwenye mechi kubwa,
hapo hakuna aliyeniambia sogea.

Jumamosi hii lifti imempandisha kama mfadhili.
Viti vina migongo. Vina matundu ya vikombe.
Skrini inatuagiza lini tupige kelele,
na tunapiga, kama watoto wa shule.
Baina yetu kuna mkono wa chuma usionyanyuka.
Nilikuwa nimepanga kuchukia hadi robo ya nne,
nikaishiwa pumzi katika ya pili:
alikuwa anacheka, mzee wangu,
haradali imemganda kwenye ndevu,
anamkaripia mwamuzi ana kwa ana,
baada ya miaka sita ya kuikaripia redio.

Mvulana mmoja akatokea ngazini na tiketi yake,
anahesabu namba, amepotea.
Emmett hata hakugeuka.
Akanigusa goti, kama zamani:
"Sogea kidogo, Verna."

Hakuna pa kusogea. Kila mtu na inchi zake ishirini na moja,
zimekazwa kwa boliti.

Nikasogea.