Upande wa Cheri

Saa saba usiku, mjini Miskolc, theluji imefunika magari yote,
nami nimekaa na mchezo wa mwaka tisini na tatu
uliokataa kuongea.

Picha zilikuja zenyewe, bila kubembelezwa:
mizinga sita, ua wa mbao, mfuga nyuki mwenye kofia
kubwa kuliko kiwiliwili. Anatembea. Anainama.
Anafungua mdomo wake wa nukta nne,
hakitoki kitu.

Kompyuta hii mpya haijui kadi ya sauti.
Haijawahi kubeba lile pande la saketi, refu kama rula,
tulilolichomeka baba na mimi tukibana pumzi.
Kwa hiyo naidanganya. Nafungua kiigizi,
naandika uongo wa heshima, mstari kwa mstari:
kadi ipo, anwani mia mbili na ishirini,
katizo la saba, mkondo wa kwanza.
Mchezo unaita. Kiigizi kinaitika: Nipo!
kama mwanafunzi anayemwitikia mtoro.

Kisha nyuki wanaanza.
La, si nyuki. Ni mafuta ya nguruwe kikaangoni.
Nageuza katizo, saba iwe tano. Kimya.
Narudisha saba. Kikaango.
Naongeza akiba ya sauti, ishirini, arobaini, themanini;
sasa nyuki analia vizuri, ila amechelewa:
anauma kwanza, anavuma baadaye.
Napunguza mwendo, maana mashine hii hukimbia
kama mtu aliyeachwa na treni.
Kahawa imepoa mara mbili.
Saa tisa kasoro, akiba arobaini na tano,
nyuki wakavuma kama nyuki.

Ndipo nikasikia filimbi.

Miaka yote ile hapakuwa na filimbi.
Tulikuwa na spika mbili, rangi ya maziwa yaliyochacha,
na ile ya kushoto Sarolta aliinywesha supu baridi ya cheri
siku ya Pasaka. Ikakohoa, ikafa.
Baba akasema moja inatosha, kwani mna masikio mangapi?
Hatukumjibu.
Nusu ya muziki ikawa inatoka kila jioni
na kuzikwa humo, kwenye sanduku lenye utamu uliogandamana.

Na si filimbi tu.
Hatua ya tano, kwenye mizinga iliyo karibu na msitu,
tawi likavunjika. Kushoto.
Tawi jingine, karibu zaidi.
Nikageuka, nikamwona dubu kabla dubu hajaniona mimi.

Dubu yule! Majira mawili ya baridi
alituzukia kama mdai kodi.
Nilimwambia Sarolta hana macho. Aliniambia sina mikono.
Tuligombania kipanya hadi mkia wake ukachomoka.
Fuata nyuki ule asali: tulifuata, tukaliwa sisi.
Kumbe onyo lilikuwapo. Lilitolewa kila mara, kwa adabu,
upande wa cheri.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
Juu ya sikio lililomwagiwa supu hakuna aliyesema neno.

Sarolta yuko Rotterdam, huoka mikate ya alfajiri.
Saa hizi ana unga hadi viwikoni.
Nikampigia. "Nani amekufa?" akauliza.
Hakuna. Sikiliza.
Nikaiweka simu katikati ya spika.
"Nasikia nyuki," akasema. "Na wewe unavyohema."
Nikaisogeza kushoto, ikagusa kitambaa cha spika.
Huko kwake kinu cha kukandia kilikuwa kinanguruma;
akakizima.

Tawi.
Tawi la pili.

"Mshenzi yule," akasema dada yangu, polepole,
"kumbe alikuwa anapiga hodi."