Petroli ya Hispania

Adérito kalala chali chini ya Pijo ya babangu,
miguu nje, kichwa gizani,
na boliti ya nne imekataa katakata.
"Imefunga ndoa na kutu, shangazi."
Tunaipaka mafuta, tunaisubiri.
Nje, juu ya Vinhais, mvua ya Novemba
inaukandamiza moshi wa kuni za mwaloni.

Kipimo cha dashibodi kinasema nusu.
Kilisema nusu wiki tuliyomzika mzee,
kilisema nusu trekta lilipolivuta gari
hadi humu ghalani, kati ya mapipa ya mvinyo,
na miaka kumi na tisa hakijabadili neno.
Wapo watu wa hivyo:
ukiwajulia hali, "nzuri tu",
na ndani kukavu.

Tangi linashuka kifuani pake, zito kama ndama.
"Hakuna kiberiti hapa," ananionya, mimi wa miaka sitini.
"Lililojaa huwaka. Tupu ndilo hulipuka."
Tunamimina masalio kwenye beseni:
si petroli tena,
chai ya rangi iliyochacha,
inanuka vanishi na viatu vya marehemu.

Kisha tochi, na kioo cha daktari wa meno.
"Chungulia mwenyewe."
Naweka jicho kwenye tundu la boya.
Kutu imetanda kama ukoga kinywani mwa mgonjwa,
mkono wa boya umegandia katikati,
na kule nyuma, penye bati la kuzuia mawimbi,
kitu cha buluu
kinanirudishia mwanga.

Nanyamaza.

Kila Agosti alirudi kutoka Clermont-Ferrand
alikowajengea wengine nyumba,
na kila tarehe thelathini aliondoka kabla ya jogoo.
Mwaka wa sabini na moja nilikuwa na miaka sita,
gololi saba,
na akili ya kutosha kujua gari hulia wapi chakula.
Nikatoka na gauni la kulalia,
nikakizungusha kifuniko kwa mikono miwili,
nikalilisha.
Chubwi.
Chubwi.
Ya saba, ya buluu, niliibusu kwanza.

Akaondoka. Gari halikujua kuwa limekatazwa.
Baada ya wiki mbili mama alisomewa barua:
*Zulmira, nimefika salama, ila tangu Zamora
gari linagonga tumboni kila kona.
Ni petroli ya Hispania. Ina mawe.*

Aliilaumu nchi nzima mpaka kufa.
Alijaza tangi upande wetu wa mpaka, kwa bei ya kuumiza,
akabeba madebe mawili kwenye buti
asije akanunua kwao hata lita.
Ubatizo wa huyu Adérito, harusi yangu,
glasi mkononi: "Wale? Watakuuzia mawe!"
Watu wakicheka, mimi
nakata mkate,
nakata mkate ambao umeshakatwa.

Adérito analigeuza tangi, analitikisa.
Zinatoka sita, kahawia, zimevaa kutu
kama mbegu za tunda nisilolijua.
Anazipangusa kwa kitambaa. Kioo. Kijani, njano.
"Nani kaweka hizi?"
"Wahispania," namjibu.
Ananitazama kidogo kuliko nilivyotaka,
kisha anakwenda kuleta siki.

Siki lita kumi, mnyororo wa baiskeli uliokatwa vipande,
na sisi wawili, kila mmoja upande wake wa blanketi,
tunalilaza tangi huku, tunalilaza kule,
tukisikiliza chuma kikikwangua chuma.
Mara tatu. Magadi, ili siki isiendelee kula.
Maji ya moto. Mashine ya kukaushia nywele ya mke wake
inanguruma humo hadi saa nne usiku.

Ya buluu haikutoka. Imekwama nyuma ya bati.
"Itagonga," asema.
"Najua."

Boya jipya likaunganishwa, nyaya mbili, skrubu tano.
Akawasha swichi.
Sindano ikatetemeka, ikaiacha nusu yake,
ikashuka hadi sifuri
na kutulia hapo, bila aibu.