Wasifu wa Aliye Hai

Wiki ya tatu Nizwa, na bado napotea
kati ya jengo la kemia na jengo la lugha.
Yote rangi moja, rangi ya mlima ulio nyuma yake,
kama kwamba mlima ulimeguka, ukajipanga wenyewe,
ukatiwa viyoyozi.

Nimejifunza haya: mashine ya kuchapa, ghorofa ya pili,
haiitambui kadi yangu mpaka niisugue kwenye abaya.
Mwalimu wa takwimu hukaa ofisini Jumapili,
saa nne mpaka saa sita, mlango wazi,
na haingii mtu.
Nilipita mara tano nikijidai natafuta choo.
Mara ya sita akaniita: "Wewe wa chooni, hebu njoo."
Sikujua kwamba kuuliza nako ni somo,
lina alama zake, na wengi hulifeli kimya kimya.

Insha yangu ya kwanza ilirudi imechubuliwa kwa wino mwekundu:
"Nani kasema? Wapi? Ukurasa gani?"
Nikacheka peke yangu bwenini,
maana nimelelewa na bibi asiyetoa umbea bila ushahidi:
"Kaniambia Zuweina, naye kaambiwa na mke wa Mundhir,
siku ya hitima, tumekaa karibu na mlango wa jikoni."
Tanbihi nzima, bila kalamu.
Mie ndiye niliyeidondosha adabu hiyo njiani.

Kisha wakatutaka wasifu.
Ukurasa mmoja, alisema Ustadha Ruqayya wa kitengo cha ajira,
jina juu, chini yake uliyoyafanya.
Nikaandika jina. Nikaandika namba ya simu.
Nikapanua nafasi baina ya mistari
mpaka jina langu likawa nyumba moja jangwani.

Alhamisi, basi la saa tisa, Mabela.
Shangazi Ghaniya kaupindua mkate wa ufuta na chuma chake,
uso kwa moto,
na uso wake yeye umewiva kuliko mkate.
"Unaandika nini, umenuna hivyo?"
"Wasifu wangu."
Mkono ukasimama hewani.
"Wasifu? Wasifu si husomwa wa maiti?
Umekufa lini wewe, na matanga yako kapika nani?"

Bibi akadakia kutoka kwenye zulia,
Kipemba chake hakijapungua hata chumvi:
"Mwache. Bora ajisifu mwenyewe angali anapumua.
Sie tutakuja kusifiwa na watu wasiotujua."

Mkate ukaungua. Tukaula hivyo hivyo.

Usiku nikalichukua daftari la oda, lile la jalada la plastiki,
niandike za Ijumaa kama kawaida:
Umm Yaarub, ishirini; hajalipa za Ramadhani.
Harusi ya Al Khoudh, mia na hamsini; wametanguliza nusu.
Unga umepanda, bei yetu imekaa; nimwambie shangazi.
Nikafunua nyuma. Nyuma zaidi.
Mwandiko ule ule ukawa unadogoka mikononi mwangu
hata ukafika kwa mtoto wa miaka kumi na miwili
anayeandika JUMLA kwa herufi kubwa
na kuipigia mistari miwili, asije mtu akaibisha.

Jumapili nikaurudisha ukurasa.
Chini ya jina: "Mtunza hesabu, biashara ya familia, miaka sita."
Ustadha akasoma, akavua miwani.
"Mbona siku ile ulisema hujafanya kitu?"
Nikatazama mazulia ya ofisi yake.
Kwetu ile haikuwa kazi. Ilikuwa Alhamisi.

Takwimu nimepata sitini na moja.
Jengo la lugha bado linanikimbia.
Na mwisho wa ukurasa palitakiwa jina la mdhamini,
mtu wa kuulizwa habari zangu.
Nimeandika: Ghaniya binti Khalfan, na namba yake,
na kwa herufi ndogo, ili wasije wakamkosa:
apigiwe baada ya saa kumi,
kabla ya hapo mikono yake ina unga.