Mhesabu Viatu

Kazi yangu ilikuwa viatu.
Nilikuwa na miaka tisa, sauti ya chura,
mama akaniweka mlangoni pa hema: kaa hapa, hesabu.
Jumapili ya kwanza, jozi kumi na moja
na kiatu kimoja cha kulia, cha mzee Ok Chi-son.
Nikamuuliza cha kushoto kiko wapi.
"Nimekiacha nyumbani Sonchon, kinalinda mlango."
Mguu wenyewe hakuutaja.

Hema lilikuwa la jeshi, lina tundu la risasi
ambalo mvua ililijua kabla yetu.
Chini, Busan na bandari yake, meli za kijivu;
juu, sisi, vibanda vya maboksi na makopo yaliyopondwa,
Wapresbiteri wa kaskazini, kila mmoja
na kanisa lake kichwani: letu lilikuwa la matofali,
letu lilikuwa na kinanda, letu wanaume walikaa kushoto.
Mchungaji Sonu aliwasikiliza wote,
kisha akauliza nani ana msumari.

Kengele ilikuwa mtungi wa gesi uliokatwa,
tukaupiga nyundo saa kumi alfajiri.
Jirani mmoja, mfua nguo za askari, alitutukana wiki tatu.
Ya nne akaja kuona ni watu gani hawa wasiolala.
Jozi thelathini na mbili.

Akina mama walichota kijiko cha mchele
kabla ya kuinjika sufuria, wakakitia mfuko wa kanisa.
Haba na haba, kibaba kilijaa,
na tumbo langu lilikijua kila kijiko.
Sitasema nilitoa kwa furaha.
Niliiba punje, nikazitafuna mbichi.

Viatu vyote vilikuwa vya mpira, vyeupe, mapacha.
Mama alivitia vyake alama kwa waya wa moto,
nukta mbili kisiginoni.
Jumapili moja ya barafu vikatoweka, zamu yangu.
Alirudi nyumbani na soksi, hakunipiga,
na hilo ndilo lililonitisha.
Jumapili iliyofuata nukta mbili zikapanda kilima
miguuni mwa mwanamke nisiyemjua, mtoto mgongoni.
Akavivua. Akaniangalia. Nikamwangalia mama.
"Hesabu," mama akasema.
Nikahesabu: sitini na nne.

Kisha mizinga ikanyamaza, mpaka ukafungwa,
na mkutano ukaitwa: je, tujenge kwa mawe?
Sikuwa nimewahi kuona watu wazima wakililia mawe.
"Hema ni la msafiri," alisema bibi Tak Bok-sil,
"mkijenga ukuta, mnajua mnasema nini."
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku yetu ya tatu ilikuwa mwaka wa tatu,
jembe li mkononi, na hakuna aliyetaka kulitazama.
Walipiga kura kwa maharage ndani ya kofia ya chuma:
jeupe ndiyo, jeusi hapana.
Mzee Ok aliliinua lake watu wote walione, jeusi.
"Kiatu changu kinaningoja."
Meupe yalishinda kwa manane.

Mawe tuliyatoa kijitoni, mkono kwa mkono,
safu kutoka bondeni hadi juu,
mfua nguo kando ya mchungaji, wote wawili wakikohoa.
Mzee Ok hakushika jiwe.
Alikaa peke yake akinyoosha misumari iliyopinda,
ndoo nzima, na ukimshukuru anageuza uso.

Kanisa lilipofunguliwa lilikuwa na rafu,
vitundu mia na ishirini, kila kimoja na namba yake,
nami nikawa sina kazi.
Nilisimama mlangoni hata hivyo.
Mzee Ok alifika wa mwisho, akaegemeza mkongojo ukutani,
akakiweka kiatu chake katika kitundu cha hamsini na moja,
kulia kabisa, akaacha nafasi.
Kijana mmoja mgeni alitaka kuijaza kwa mwavuli wake.
Nikamzuia mkono.
Nikamwambia usiweke hapo, kuna kiatu njiani.