Gramu Mia na Arobaini

Pumba huingia, pumba hutoka.
Ndivyo nilivyowafuga miaka mitatu hapa Kivule:
chakula nanunua kwa kilo,
nakizoa kwa koleo, kibichi, kinanuka,
randa imelowa, macho yanawasha,
na Mama Nasiri wa jirani anafunga dirisha kwa kishindo
ili nisikie.

Ndelwa wa duka la mifugo, kule Kitunda,
aliniuliza, "Wanakula kiasi gani?"
Nikamtajia mifuko.
"Hapana, mama. Wanabaki na kiasi gani?"

Akapima unga juu ya karatasi.
Vijiko vitano vya chai kwa mfuko mzima!
Nikacheka. Hela ile ni dagaa kilo nzima.
"Huu si chakula," akasema. "Mahindi yana milango,
mashudu ya alizeti yana kuta.
Utumbo wa kuku ni mfupi,
hauna muda wa kubisha hodi."

Kimeng'enya.
Nililirudia njia nzima, ng' ya katikati
ikinikwama puani.
Mama alikuwa akimmeng'enyea bibi mkate mkavu,
kipande kwa kipande, ndani ya chai,
bibi asiye na jino hata moja.
Mkate ulikuwa uleule.
Vidole ndivyo vilivyomshibisha.

Lakini sikumwamini Ndelwa.
Nilichapa barua za watu bandarini miaka ishirini na sita,
na mchapaji haamini kitu mpaka aone nakala.
Basi nikatengeneza nakala mbili:
waya katikati ya banda,
vifaranga mia kushoto, mia kulia,
taa moja, jiko moja la mkaa, maji ya ndoo moja.
Kushoto chakula cha siku zote.
Kulia chakula hichohicho na unga wa Ndelwa.
Mjukuu wangu Ramia akachora mistari
kwenye daftari lake la hesabu, kurasa za nyuma.

Siku ya saba, hakuna.
Siku ya kumi na nne mizani ilinyamaza
lakini pua ikajua:
randa ya kulia ilikuwa kavu,
unaishika, inamwagika vidoleni.
Mama Nasiri akafungua dirisha. Hakusema neno.
Vifo, sita kushoto, vinne kulia;
hivyo siviweki kwenye hesabu,
joto la Februari halichagui upande.

Siku ya ishirini na nane tuliwapima kumi kumi.
Ramia akagawanya, akafuta, akagawanya tena,
ulimi nje.
"Bibi, kila wa kulia kazidi gramu mia na arobaini."
Nikamwambia arudie.
Akarudia.

Alfajiri Chande akaja kutoka Manzese
na bodaboda na matenga.
"Elfu sita na nusu kila kichwa."
Nikaleta mizani.
"Mama, kuku ni kuku. Nani atakula gramu?"

Wewe, Chande.
Tisini na sita mara mia na arobaini
ni kilo kumi na tatu na ushee,
karibu kuku wanane wasio na miguu,
wanaopanda bodaboda yako bure.

Sikumwambia hivyo.
Nilimkabidhi mmoja mkono wa kushoto,
mmoja mkono wa kulia,
nikazima tochi.
Giza likakaa. Kuku wakatulia.
Nikaisikia pumzi yake ikibadilika,
na bega moja, naapa, likashuka.

"Hawa wa kulia," akasema taratibu,
"naongeza mia tatu."

Si haki yote. Nimeipokea.
Unga nimeulipa, na mfuko mwingine upo ndani,
waya nimeung'oa.

Ramia akapiga mstari wa tatu kwenye daftari.
Juu yake kaandika: *Mkono wa Chande.*
Chini yake bado hajaandika kitu.