Mzigo Ulishafika

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai,
huku Canelones baridi huuma hadi kwenye fizi.
Navaa makoti mawili, la juu la marehemu mume wangu.
Mfukoni mwake bado mna msumari wa kiatu cha farasi,
sijui alikuwa anauwekea nini.

Napasua barafu ya hodhini kwa kisigino.
Ni nyembamba kama kioo cha saa,
lakini wazee hawa hawaisogelei
mpaka waisikie ikilia.

Nawahesabu kwa pumzi:
mawingu madogo ishirini na matatu gizani.
Usiku mmoja wa Juni yalikuwa ishirini na mawili.
Nilihesabu tena. Nikahesabu tena.

Wasio na meno wanapewa pumba zilizolowekwa tangu jana.
Mwenye kikohozi, dawa ndani ya mkate,
naye hula mkate na kunitemea dawa kiatuni.
Anayegaagaa namwekea sikio tumboni:
tumbo likinguruma, nashukuru;
likinyamaza, namwamsha daktari kwa simu, naye ananitukana.
Kisha samadi, toroli tisa kila siku ya Mungu.
Wageni wa Jumamosi huniuliza kwa sauti laini
mapenzi ya farasi yakoje.
Nawapa koleo.

Halafu kuna Chicharra, yaani Nyenze,
aliyeitwa hivyo kwa kelele za magurudumu yake.
Miaka kumi na minne alivuta taka za Montevideo,
makaratasi, chupa, friji zilizokufa.
Punda afe mzigo ufike, wanasema.
Mzigo ulifika. Yeye akakataa kufa.
Manispaa ikamchukua, ikampa Wilmar Olivera
pikipiki ya matairi matatu, nyekundu.

Kutoka bandani hadi malishoni ni hatua mia mbili.
Penye pipa la buluu, la maji, Chicharra husimama.
Penye pipa la pumba husimama.
Penye pipa bovu lililoota upupu, husimama.
Anasimama kwa hesabu ya thelathini,
muda wa mtu kushuka, kufunua, kupekua, kurudi,
sikio moja limegeuzwa nyuma
kusubiri uzito upande.

Mwaka wa kwanza nilimvuta kamba nikalaani.
Heber, mkata kwato, akaniambia bila kuinua mgongo:
"Mwache amalize kazi yake."
Sasa nasimama naye.
Katika thelathini hizo nimejua
ndege gani hugombana na nani juu ya ua wa waya,
na kwamba goti langu la kulia linatabiri mvua.

Wilmar huja Jumapili na mfuko wa mkate mkavu.
Haingii. Huutundika langoni,
huvuta sigara moja, hutazama, huondoka.
Jumapili iliyopita nilimpa kamba mkononi
kabla hajapata la kusema.
Walikwenda. Penye pipa la buluu alisimama,
na Wilmar, bila kuwaza, nafikiri, bila kuwaza hata kidogo,
akafunua kifuniko, akazamisha mkono hadi begani,
akautoa unachuruzika maji matupu,
akaalisha ulimi.
Chicharra akaondoka.
Sikuwa nimefika hata kumi na mbili.

Yule bwana hakunitazama aliporudi.
Alisema tu kwamba amenenepa,
kisha akakaa juu ya ile nyekundu yake
muda mrefu kabla ya kuiwasha.

Jumatatu nilijaribu mimi.
Nikafunua. Nikazamisha. Maji yakanikata kama wembe.
Nikaalisha ulimi vizuri kabisa.
Hakwenda.
Mkono mtupu haulambwi, nilifunzwa hivyo,
lakini aliulamba wangu, taratibu, pande zote mbili,
kwa ajili ya chumvi, sidhani kwa jingine,
kisha akageuza sikio lake nyuma
akasubiri thelathini.

Nilikuwa bado nina toroli saba.